Laka kwa Brashi: Pitisha Mara Moja, Uondoke

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: kupaka laka kwa brashi, pale ambapo hakuna kompresa wala bunduki ya kupulizia. Tunaposema laka tunamaanisha laka ya nitroselulosi, ile inayochanganywa kwa thina kali yenye harufu ya asetoni. Ile ya maji inayouzwa kwa jina hilohilo ina tabia zake nyingine na haimo humu. "Mkono" ni tabaka moja, kama mafundi wa rangi wanavyosema.

Hamjambo wahariri. Nimezoea vanishi ya mafuta na hainisumbui. Nilipojaribu laka kwenye uso wa meza wa mita 1.5 kwa sentimita 80, mkono wa kwanza ulikwenda sawa, wa pili ukaanza kushika brashi kama gundi. Kila nilivyosawazisha ikazidi kuharibika, ikabaki mistari na vinundu. Laka ni mbovu au mimi ndiye? — Fundi wa meza

Laka ni nzima. Tatizo ni mazoea ya vanishi. Kiyeyushi cha vanishi ya mafuta kikishaondoka, mafuta yenyewe huvuta oksijeni hewani na kugeuka kitu kipya kisichorudi kilikotoka. Laka haigeuki. Nitroselulosi na utomvu vilikuwa vimeyeyuka ndani ya thina. Thina ikiruka, vinabaki juu ya mbao, basi. Ukivirudishia thina, hata miaka mingi baadaye, vinayeyuka upya. Kwa hiyo mkono wa pili ukigusa wa kwanza unaulainisha, na yote miwili inaungana kuwa utando mmoja. Hiyo ndiyo raha ya laka, kwa sababu tabaka haziwezi kubanduka moja juu ya nyingine. Lakini ukirudisha brashi mara ya tatu na ya nne palepale, unaburura mkono wa chini ambao tayari umelainika, na juu umeanza kukauka. Vinundu vyako vimetoka hapo.

Vanishi husawazishwa kwa brashi. Laka hujisawazisha yenyewe, kazi ya brashi ni kuifikisha tu. Kwa meza yako chukua brashi ya inchi 2½ au 3. Mimina laka kwenye chombo cha mdomo mpana, usichovye ndani ya kopo la asili. Mkono wa kwanza uchanganye sehemu mbili za laka kwa moja ya thina. Inayofuata inaweza kupakwa kama ilivyo, au kwa thina asilimia 10 ikiwa inavuta. Chovya manyoya hadi theluthi ya urefu wake, hata nusu, kisha igonge brashi taratibu kwenye ukuta wa ndani wa chombo. Usiikwangue kwenye ukingo, maana unainyima laka na kuijaza mapovu.

Anzia upande ulio mbali nawe. Tua sentimita 8 au 10 ndani ya ukingo, vuta kuelekea nje mpaka brashi itoke, kisha rudi palepale ulipotua na uvute kwenda upande wa pili kwa kufuata nyuzi za mbao. Ukitua moja kwa moja ukingoni, laka itachuruzika ubavuni. Brashi ikikauka kabla ya kumaliza urefu, chovya tena, tua mbele kwenye mbao kavu na uvute kurudi kwenye ubichi. Ukanda mmoja ukikamilika, pitisha ncha za manyoya tu, brashi ikiwa imesimama karibu wima, mara moja toka mwanzo hadi mwisho. Kisha hamia ukanda unaofuata, ukipanda juu ya uliotangulia kwa sentimita moja au mbili ungali mbichi. Ukanda wa mita 1.5 usikuchukue zaidi ya dakika moja.

Ukiona umeruka mahali na nusu dakika imeshapita, paache. Mkono unaofuata utapaziba. Unywele wa brashi ulionasa utoe papo hapo kwa ncha ya brashi, au usubiri ukauke uutoe kwa msasa. Jiweke mahali ambapo dirisha liko mbele yako na uso wa meza uko katikati, ili mng'aro wa ubichi uonekane. Anayepaka huku mwanga ukimtoka mgongoni hajui alipopita.

Kuhusu kiasi: lita moja hutosha mita 8 hadi 10 za mraba kwa mkono mmoja. Uso wako ni mita 1.2, kwa hiyo ni mililita 120 hadi 150 kila mkono. Mikono minne ikizidi mililita 600, unapaka nene mno. Isipofika 450, unaivuta kupita kiasi.

Na iliyokwisha kuharibika usiikwangue. Iache siku mbili, isawazishe kwa msasa namba 320 uliofungwa kwenye kibao, vumbi litoke, kisha paka mkono mmoja wa laka nusu kwa thina nusu. Mkono huo utaiyeyusha iliyo chini kiasi cha kuilaza.

Laka ya kupulizia niliyo nayo naweza kuipaka kwa brashi?

Kwenye kitu kidogo, ndiyo. Inakauka haraka mno kwa sababu vimiminika vyake vingi ni vya kuruka upesi. Laka ya brashi imetiwa zaidi vile vya polepole ili ipate nafasi ya kulala. Unaweza kuisogeza hadi hapo kwa kutia thina ya kuchelewesha, ambayo wauza rangi wengi huiita ritada, mililita 50 hadi 100 kwa kila lita. Usizidishe sana: ritada ikiwa nyingi, utando unakaa laini kwa siku kadhaa, na kila utakachoweka juu yake kitaacha alama. Kwa mlango wa kabati au uso wa meza, nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya brashi na uepuke taabu.

Brashi ya sponji iliyeyuka ndani ya kopo. Nitumie ipi?

Thina ya laka hula sponji, na manyoya ya nailoni hulegea ndani yake mpaka hayana nguvu ya kuvuta. Tumia brashi ya manyoya ya asili, laini, yenye ncha zilizochongoka badala ya kukatwa sawasawa, na iliyojaa kiasi cha kubeba laka ya kutosha mvuto mrefu. Kabla ya kuanza itikise ndani ya thina safi, ikung'ute, ivute kwenye karatasi mpaka nywele zilizolegea ziishe. Brashi kavu ikiingia kwenye laka moja kwa moja, laka hupanda hadi kwenye bati la mpini na kugandia humo.

Na iliyogandia laka tangu mwaka jana, itupwe?

Iloweke kwenye thina usiku mmoja. Itarudi.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa useremala. Kila mvua ikinyesha laka yangu hugeuka nyeupe kama imewekewa maziwa. Mwalimu anasema ni unyevunyevu, lakini mbao zangu ni kavu kabisa. Unyevu unaingilia wapi?

Marahaba. Unaingilia hewani. Thina inaporuka inachukua joto la uso inaoruka kutoka kwake, kama spiriti inavyopoza ngozi. Uso wa laka mbichi unashuka nyuzi kadhaa chini ya joto la chumba, na hewa iliyoshiba mvuke ikigusa uso huo baridi inaacha umande. Maji hayo yanaingia kwenye utando, nitroselulosi haiwezi kubaki imeyeyuka mbele ya maji, inajitenga kuwa chembe, na chembe hizo ndizo unaziona kama ukungu mweupe. Hivyo mbao zako kavu hazina hatia.

Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 65 kwenda juu, kuwa mwangalifu. Ikivuka 75, heri uiache kazi. Joto zuri ni kati ya nyuzi 18 na 27. Kipimo kidogo cha unyevu cha kutundika ukutani kinafaa kuwa karibu na makopo kuliko kalenda. Ukilazimika kupaka kwenye mpaka huo, tia ritada mililita 50 kwa lita: mruko ukipungua kasi, uso haupoi sana, na umande unaotua unapata muda wa kuruka pamoja na thina. Mbao, laka na chumba viwe na joto moja. Kopo lililolala kwenye sakafu ya saruji baridi likafunguliwa mchana wa mvuke huleta balaa hilohilo.

Ukungu uliokwisha kutokea usiufunike kwa mkono mwingine siku hiyohiyo, kwa kuwa unaufungia ndani. Subiri hewa ikauke. Mara nyingi hupungua wenyewe. Uliobaki, paka mkono mwembamba sana wa thina iliyochanganywa na ritada, kwa mvuto mmoja mwepesi. Laka itafunguka, maji yatoke, ifunge tena ikiwa angavu. Ukungu wa juujuu tu unaweza pia kutoka kwa pamba ya chuma laini kabisa, ile ya namba 0000, utando ukishakomaa.

Kuna weupe mwingine usiohusiana na mvua, unaotokana na thina duni ya kuoshea vifaa. Kimiminika chake chenye nguvu huruka mapema kuliko dhaifu, na laka hujitenga siku ya jua kali. Ijaribu thina mpya kwa kuchanganya vijiko viwili na laka kidogo, upake kwenye kioo. Ikikauka na kiwingu, itumie kuoshea brashi tu.

Mapovu madogo hubaki juu ya mkono wa kwanza, hasa kwenye mvule na mkangazi. Sitikisi kopo.

Mbao hizo zina vinyweleo vikubwa. Laka nzito inaziba mdomo wa kinyweleo, hewa iliyomo inatafuta njia na kusukuma povu, na wakati huo juu pameshafanya ngozi. Mkono wa kwanza uwe mwembamba, hata nusu kwa nusu na thina, ili uzame vinyweleoni na kuitoa hewa mapema. Usipake mbao ingali juani: ikiwa inapoa inavuta hewa, lakini ikiwa bado inapata joto inapuliza. Na kasi ya mkono nayo ina sehemu yake. Brashi inayokimbizwa huingiza hewa.

Ukitaka uso wa kioo kwenye mkangazi, ziba vinyweleo kwanza kwa poda ya kujazia inayochanganywa kuwa uji, ukaifute kwa gunia kwa kukata nyuzi mkingamo. Ikiwa ni ya mafuta, ipe siku tatu au zaidi kabla ya laka. Kujaza vinyweleo kwa laka tupu kunawezekana, ila itakulazimu kupaka na kusugua mara nyingi, na bado baada ya miezi michache laka hunywea na vinyweleo kuchungulia. Sisi tusingehangaika nayo.

Je, lazima nitumie sila (mkono wa kuziba mbao) kabla ya laka? Duka linasisitiza.

Si lazima. Sila ya kupigia msasa ni laka iliyotiwa sabuni ya zinki, inayoifanya iwe unga chini ya msasa badala ya kunata. Inaharakisha kazi ya kulainisha vinyuzi vilivyosimama, na mwenye viti ishirini ataithamini. Lakini sabuni hiyo huifanya iwe laini na dhaifu, kwa hiyo ni mkono mmoja tu, mwembamba, kisha msasa namba 320. Anayepaka mitatu ili "kujaza" anajenga nyumba juu ya tope, kwa sababu laka ngumu juu ya msingi laini hupasuka na huwa nyeupe ikigongwa. Kwa meza moja nyumbani, laka yenyewe iliyopunguzwa kwa thina inatosha.

Sila inayolazimu ni ya shelaki (utomvu wa wadudu unaoyeyushwa kwa spiriti) isiyo na nta, nayo kwa kazi maalumu: mbao za mafuta kama msaji, vifundo vya msonobari vyenye utomvu, na samani kuukuu zilizowahi kusuguliwa polishi yenye silikoni. Silikoni ndiyo inayofanya laka ikimbie na kuacha vishimo vya duara vyenye kitovu. Ukiviona mkono ungali mbichi, futa wote kwa thina, osha mbao kwa waiti spiriti (kiyeyushi cha petroli, si spiriti ya kawaida) mara mbili ukibadilisha kitambaa, acha ikauke, paka shelaki mkono mmoja, ndipo urudi kwenye laka.

Kabla ya hayo yote, msasa wa mbao yenyewe: 120, kisha 150, kisha 180. Kupita 220 hakuongezi kitu, maana laka itakayofuata ndiyo itakayosuguliwa.

Nilipaka rangi ya kahawia kwenye mbao, nikasubiri saa tatu, nikapaka laka. Brashi ikahama na rangi, kukawa na mabaka. Nimekosea wapi?

Jiulize kwanza rangi yako imeyeyushwa na nini. Rangi ya unga iliyochanganywa na spiriti au thina itayeyushwa tena na laka, hata ukisubiri mwezi, brashi itaiburura. Rangi ya mafuta kwa saa tatu haijakauka. Ipe siku nzima, na kwenye hewa nzito au mbao yenye vinyweleo vikubwa, mbili au tatu. Inusa: ikiwa bado inanuka mafuta, bado.

Inayokaa vizuri chini ya laka ya brashi ni rangi ya unga ya maji, kwa kuwa unga unaoyeyuka kwa maji hauyeyuki kirahisi kwa thina. Huinua nyuzi, kwa hiyo ilowanishe mbao kwa maji matupu siku moja kabla, ikauke, pitisha 220 kidogo, ndipo upake rangi. Ikiwa tayari umetumia rangi ya mafuta, baada ya kukauka vizuri pitisha mkono mmoja wa shelaki kama ukuta, kisha laka. Ukuta huo haufai juu ya rangi ya spiriti, kwa sababu shelaki nayo iko ndani ya spiriti.

Kiti cha babu nilipaka laka juu ya kilichokuwepo. Ndani ya dakika mbili uso ukakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nifanye nini?

Chini kulikuwa na vanishi au rangi ya mafuta. Thina ya laka haiiyeyushi, inaivimbisha. Ikivimba inakosa nafasi, inakunjamana na kuachia mbao. Hapo hakuna kufunika. Kwangua chote hadi kwenye mbao, safisha, anza upya.

Safari nyingine pima kwanza mahali pasipoonekana, chini ya kikalio kwa mfano. Weka tone la spiriti: ikinata na kuyeyuka, ni shelaki. Isipoyeyuka, jaribu tone la thina ya laka. Ikiyeyuka na kukauka tena bila kovu, ni laka, na unaweza kupaka juu baada ya kuosha na kupitisha 320. Ikivimba au isipojali, usiweke laka hapo. Mafuta ya kitani ambayo hayajakomaa nayo huleta mkunjo uleule, hata ukiyaona makavu.

Laka inafaa meza ya kulia chakula? Mke wangu anasema vyombo vya moto vitaiharibu.

Shemeji yuko sawa kwa kiasi kikubwa. Laka ni ngumu dhidi ya mikwaruzo midogo na haijali maji yanayofutwa mapema. Haipendi joto, haipendi pombe kali, na sabuni zenye amonia huilainisha. Chungu cha moto huacha duara jeupe. Mezani pa watoto na masufuria, vanishi ya polyurethane ni chaguo bora, na nje ya nyumba laka haiwezekani kabisa, kwa sababu jua huifanya njano, ikakakamaa na kupasuka.

Uzuri wake ni kwamba hurekebishika. Duara jeupe mara nyingi hutoka kwa kitambaa kilichonyunyizwa spiriti kidogo sana, kikipitishwa kwa kupapasa tu, bila kukandamiza. Mkwaruzo wa kina unajazwa laka kwa brashi ndogo, unasuguliwa, na kiraka hakionekani, kwa kuwa kipya na cha zamani vimeyeyukiana. Kwa kabati la vitabu, kitanda, fremu za picha, masanduku na ala za muziki, sisi tungechagua laka bila kusitasita. Mbao nyeupe ambayo ungependa ibaki nyeupe, tafuta laka ya akriliki badala ya nitroselulosi, ambayo hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda.

Mikono mingapi? Fundi mmoja kaniambia kumi.

Kumi ni ya bunduki na thina nyingi. Hesabu ni hii: lita moja ikisambaa mita 10 za mraba, unene mbichi ni maikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Ikiwa kopo lina asilimia 20 ya kitu kinachobaki baada ya kukauka, basi mkono mmoja unaacha maikroni 20. Mitatu hadi minne inaleta 60 hadi 80, na hapo patoshe. Ongeza mmoja ikiwa unataka kusugua hadi kioo. Ukivuka 150 unatafuta nyufa, kwa sababu mbao hupanuka na kunywea na majira, na laka nene haiwezi kuifuata.

Kati ya mkono na mkono acha saa mbili, na si zaidi ya mitatu kwa siku. Thina ya mikono ya chini inahitaji njia ya kutoka. Ukiifungia, utando unabaki laini wiki nzima.

Msasa wangu unajaa uvimbe mweupe baada ya mara mbili tatu. Na nisugue vipi ili mwisho uwe laini kama kioo, bila alama za brashi?

Uvimbe kwenye msasa ni laka kukuambia bado. Acha, rudi baada ya saa kadhaa. Laka iliyo tayari hutoa unga mweupe unaopeperuka.

Ili laka ishike, kusugua kati ya mikono hakuhitajiki, maana inayeyukiana. Unasugua ili kuondoa vumbi na matuta, kwa namba 320, mkono mwepesi, na uziache kingo na pembe peke yake: hapo utando ni mwembamba zaidi na ukifika kwenye rangi ya mbao, umeharibu. Usisugue kwa nguvu kabla ya mkono wa pili.

Kusugua kwa mwisho ni kazi nyingine, na haina haraka. Subiri wiki moja, mbili zikiwezekana. Ukiisugua mapema itang'aa, kisha baada ya mwezi itanywea na alama za brashi zitarudi zote. Ikishakomaa, funga msasa wa maji namba 600 kwenye kibao chenye kizibo au raba chini, lowanisha kwa waiti spiriti, usugue kwa kufuata nyuzi. Waiti spiriti haiyeyushi laka, ndiyo maana inafaa kuwa kilainishi. Futa mara kwa mara uangalie kwa mshazari: matuta yatakuwa yamefifia, mabonde bado yanang'aa. Madoa yanayong'aa yakiisha, uso uko sawa. Hapo ndipo penye uvumilivu wote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema, kisha wakalaumu polishi.

Kuanzia hapo unachagua. Kwa mng'aro hafifu, pitisha pamba ya chuma 0000 yenye nta, mivuto mirefu ya moja kwa moja, kisha futa. Kwa kioo, endelea na 800, 1000, 1500, halafu dawa ya kung'arishia ile ya bodi za magari isiyo na silikoni, kwa kitambaa laini.

Kidokezo kwa wanaopenda laka isiyong'aa: kinachoua mng'aro ni unga wa silika unaotulia chini ya kopo. Koroga mpaka chini kabisa, bila kutikisa, na urudie kabla ya kila mkono. Tena jenga kwa laka inayong'aa, mkono wa mwisho tu uwe wa isiyong'aa, la sivyo uso unakuwa na wingu linaloficha nyuzi za mbao.

Nafanya kazi chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Harufu inaniumiza kichwa ingawa navaa barakoa.

Ikiwa ni barakoa ya vumbi, haizuii chochote. Mvuke wa thina unapita kama hewa. Unayoihitaji ni ile yenye vichujio vya mkaa kwa ajili ya mvuke wa vimiminika, inayobana uso bila mwanya, ambayo ndevu huiharibia kazi. Ukianza kunusa thina ukiwa umeivaa, vichujio vimekwisha. Maumivu ya kichwa ni onyo. Toka nje, usimalizie kwanza.

Kubwa zaidi ni moto. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi chumba cha pili na kukuta jiko, taa ya gesi au cheche ya swichi. Zima kila kitu kabla ya kufungua kopo, jokofu pia likiwa karibu. Dirisha moja halitoshi: fungua na mlango ulio mkabala, hewa ipite. Usiweke feni ya kawaida mahali inapovuta mvuke kupitia mota yake. Vitambaa vyenye laka vitandaze nje mpaka vikauke. Unga wa kusugua nitroselulosi nao huwaka upesi, ufagie ukiwa umelowanishwa, usirundike pembeni. Kizimamoto kiwe cha poda kavu, povu linalostahimili vimiminika kama asetoni, au gesi ya kaboni dioksidi. Maji hayafai, yanausambaza moto wa thina.

Glavu nyembamba za nitrili huvimba na kupasuka kwenye asetoni. Za mpira wa butili hustahimili. Ukilazimika kutumia zile nyembamba, zibadilishe mara zinapolowa. Na kama chumba hicho ndicho watu wanacholala, peleka kazi chini ya kivuli nje, siku isiyo na upepo wa vumbi.

Sanduku nililopaka laka miezi miwili iliyopita limeacha alama za vijiguu vya mpira vya redio iliyowekwa juu. Ilikuwa imekauka kabisa.

Ilikuwa imekauka, ndiyo. Mpira laini na plastiki ya vinili vina vilainishi vinavyohama polepole kuingia kwenye laka na kuilainisha, bila kujali umri wake. Vitambaa vya meza vya plastiki hufanya vivyo hivyo. Ondoa redio, acha pakauke wiki moja, sugua kwa 600 na waiti spiriti, paka mkono mwembamba pale tu au uso mzima ikiwa unang'aa. Kisha bandika vipande vya kitambaa cha sufu chini ya vile vijiguu.